Deni la Shilingi Tano

Lorne Haldorson, mwana wa wakulima wa ngano,
wa Saskatchewan, kule upepo hauna pa kujiegemeza,
alijua kurusha ndege kabla ya kujua kunyoa:
kila jioni ya safari alikuja na mkwaruzo wa wembe kidevuni.

Mimi fundi wake. Injini nne, mikono miwili.
Alinikopa shilingi tano, akanunua baiskeli mbovu,
akaiegemeza ukutani mwa karakana:
“Usiitie mafuta, Percy. Nikirudi nitaitia mwenyewe.”

Mara kumi na nane alirudi.

Usiku wa kumi na tisa nilihesabu ngurumo
hadi tisa. Nikangoja ya kumi.
Chai ikaota ngozi.

Baadaye tukasikia: mkulima wa Uholanzi
alimkuta katika shamba la viazi, mikono ingali usukanini,
wenzake watano wameshashuka kwa miavuli.
Miaka ishirini na mmoja.
Na katika mji aliotoka kuulipua
sijui nani naye alikuwa akihesabu.

Mamake aliniandikia. Ndani ya barua, dola moja:
“Lorne alisema unamdai.”

Sikuibadilisha.
Baiskeli nimeitia mafuta.
Haiendi popote.