Gazeti la Alhamisi

Habari kubwa wiki hii ni taa.
Taa ya kwanza ya kuongozea magari hapa Nordhaug,
kona ya Vinje na Mtaa wa Kanisa,
imening'inia tangu Jumatatu, theluji begani,
na watu wanasimama kwenye kijani
kumpisha jirani, wanapungiana mikono,
hakuna anayetaka kutangulia,
hadi nyekundu inarudi na kuwakuta palepale.

Nimeandika: "Baadhi ya madereva bado wanazoea."

Mimi ndiye mhariri, mpiga picha, msahihishaji,
na alfajiri ndiye msambazaji.
Miaka kumi na tisa nimeupima mji huu kwa inchi za safu.
Zamani ng'ombe akikatiza barabara alipata inchi tano
na picha yake. Siku hizi ng'ombe hana nafasi.
Chuo kimeongeza wanafunzi mia nane,
na bomba la maji taka, lililozikwa enzi za babu zetu,
limetoa maoni yake
chini ya uwanja wa shule ya msingi.

Halafu jengo. Limefunguliwa hatimaye,
ghorofa sita, pale palipokuwa duka la misumari la Aamodt.
Mnakumbuka vile vikao kumi na kimoja.
Kila kikao Delbert Rustad alisimama na karatasi yake,
miwani puani, sauti ya mtu aliyefundisha hesabu
hata baba zenu: kivuli, alisema,
Desemba, saa tisa alasiri,
kitafika kwenye waridi za Bi. Tollefson.
Alikuwa amepima. Alikwenda na fimbo na kamba.

Na binti mmoja wa chuo, Xiomara Beltrán,
akainuka nyuma kabisa, hajavua koti,
akasema wao wanalala wanne chumba kimoja,
yeye karibu na mlango, na kwamba
hana bustani ya kutiwa kivuli.
Ukumbi ukanyamaza.
Feni ya dari ikaendelea kuzungumza peke yake.

Kura nne kwa tatu.
Niliandika "baada ya mjadala mrefu"
kwa kuwa safu haikuwa na nafasi ya ile feni.

Waliozaliwa: wawili. Waliofariki: watano.
Nyumba zilizouzwa: kumi na nne,
moja kwa bei iliyonifanya nimpigie karani
nikidhani kidole chake kimeteleza.
Hakikuteleza. Sifuri zote ni halali.

Ni nyumba ya Rustad.
Hakuniambia; nimeisoma kwenye orodha
kama msomaji yeyote wa senti hamsini.
Kodi ilipanda, na magoti yake
hayakuweza kupanda nayo.

Jana nikamwona akiingia mlango wa kioo
wa lile lile jengo, kakumbatia taa ya mezani,
waya wake ukiburura nyuma kama mkia.
Ghorofa ya nne, upande wa magharibi.
Xiomara alikuwa ameizuia lifti kwa mguu.
Nikamuuliza mzee kama naruhusiwa kuandika.
Akafikiri.
"Andika kwamba lifti inachelewa.
Sekunde arobaini na moja. Nimepima."
Na mlango ulipoanza kujifunga:
"Mto una kona. Nimekaa hapa miaka sabini na mbili,
sikujua kama mto wetu una kona."

Saa tisa nilikwenda kwa Bi. Tollefson.
Tulisimama tukitazama theluji ikigeuka buluu,
taratibu, hadi kwenye waridi zilizofungwa magunia.
Saa tisa na dakika nne.
Bibi akasema, "Hesabu zake hazikuwahi kukosea,"
akaingia ndani kuweka chai.

Hilo sijaliandika.

Sasa ni saa kumi alfajiri, magazeti mia sita
yapo kiti cha nyuma, bado yana joto la mashine,
na kwenye kona ya Vinje taa ni nyekundu.
Hakuna gari. Hakuna mtu. Hata mbwa.
Nimesimama.