Dakika Sita za Gwakisa

Julai, Mwanjelwa. Baridi imekaa mlangoni kama mdai.
Mimi Sekela, mshika saa wa banda la gemu,
mia tatu nusu saa, chenji usiniulize.
Televisheni mbili: moja ina mpira,
nyingine ina Uchina ya kale,
na hiyo ya pili ni ya Gwakisa.

Diski imeandikwa Kichina mwanzo mwisho.
Hakuna anayesoma hata alama moja,
basi nchi tumeipa majina tuliyokuwa nayo:
mlima wenye kona kama utumbo, Kitonga;
mji wa maghala, Uyole;
ngome ya ukungu, usiyoiona hadi uigonge kwa paji la uso, Tukuyu;
na yule jemadari mnene wa darajani
anayesimamisha kila msafara,
tunamwita Ushuru.

Wengine huingia kwa fujo.
Farasi, mkuki, haya!
Wanabonyeza pembetatu hadi kidole kiote sugu,
maadui wanapukutika kama punje za gunzi,
na msimu wa tatu jeshi lao wenyewe linalegea.
Pembeni mwa kioo kuna kibakuli chekundu, kitupu, kinawakawaka.
Hawakioni.

Gwakisa anapakia viazi sokoni.
Mgongo wake unaijua lumbesa kuliko mizani.
Haanzi na upanga, anaanza na mpunga:
anachimba mifereji, anaezeka ghala,
anasubiri mvua ya kwenye kioo
huku ya kweli ikigonga bati.
Watoto wanamzomea, "Piga basi!"
Naye, bila kugeuka:
"Kinachotembea ni tumbo. Miguu inafuata."

Jana alifika darajani.
Akatanguliza mikokoteni mia mbili, magunia yamejaa pumba.
Ushuru, tabia ni ngozi, akaanza kuhesabu.
Gunia la kwanza. La pili. La tisini.
Chini kule, kwenye kivuko cha ng'ombe,
wapanda farasi wa Gwakisa walikuwa wanavuka
maji yakiwafika magotini.
Ndipo ramani ikapasuka,
akashuka mwenyewe ndani ya mwili wa jemadari wake,
akakinga, akazunguka, akakinga tena,
kidole gumba kinatetemeka kama sindano ya cherehani,
na Ushuru akaanguka mtoni na daftari lake.
Hata wa mpira waligeuka.

Ukabaki mji mmoja,
nyuma ya vilima vitatu vya kijani,
hakuna aliyewahi kufika, haukuwa na jina.
"Sekela, huu tuuiteje?"
Nikajibu kabla sijafikiri:
"Kandete."
Kwetu. Mama yuko huko, na kikapu chake cha chai.

Alinyamaza. Manati makubwa yalikuwa yameshavutwa,
mawe yametulia kwenye vijiko vyake.
Juu ya ukuta mtu mdogo, mdogo kama mchwa,
alikuwa anapita na ndoo.

Nje honi ikalia: lori la Tunduma.
Gwakisa akasimama, akavuta kofia ya sufu hadi masikioni,
akaniwekea padi mapajani.
"Zimebaki dakika sita. Zako."

Miaka minne nauza muda,
sijawahi kuushika.
Padi ilikuwa na joto la viganja vyake,
na vumbi la viazi kwenye mifereji ya vitufe.
Nikabonyeza cha juu: kimya.
Nikabonyeza cha kushoto, kile kisichobonyezwa na mtu.
Baragumu ndogo ikalia,
na askari, safu kwa safu,
wakalaza mikuki kwenye tope, wakakaa.

Sijui niliamuru nini.
Pengine kupumzika. Pengine nilisalimu amri,
nikaitupa Uchina nzima ya Gwakisa, pumba, farasi na vyote.
Watoto walishika vichwa.
Lakini lango la Kandete lilisogea,
upana wa mtu mmoja, mwenye kikapu,
nami nikainama karibu na kioo
hadi pumzi yangu ikakitia ukungu.

Saa yangu ikalia.
Sikusimama.
Nikatoa mia tatu mfukoni,
nikajilipa.