Hodi

Amka, Remedios. Saa kumi na moja imegonga,
umande ungali juu ya dungusi
na mwiba wa alfajiri ni mlaini kuliko wa saa sita.
Hilo tulifundishwa na mikono, si na shule.

Nimekata majani manne machanga,
nimeyaparua kwa kisu kile cha baba,
ute wanichuruzika hadi kiwikoni.
Ute huu, asema nesi Maricruz,
huishika sukari mkono pale tumboni,
huiambia: polepole, bibi, hakuna harusi inayokusubiri.

Miaka arobaini tumewauzia watu dungusi,
mji mzima washuka Milpa Alta kutafuta dawa kwetu,
nasi jioni twarudi nyumbani
kwenye soda ya lita tatu na mkate mtamu wa jana.
Mganga hajigangi. Tulikuwa tukisema hivyo tukicheka,
povu la soda puani.

Unakumbuka siku ile zahanatini?
Maricruz hakutuchorea mchoro.
Alitoka nje, akaufunga mlango, akabisha.
"Mimi ni insulini. Nimebeba kikapu cha sukari. Hodi!"
Tukanyamaza, kama alivyotuagiza.
"Hodi!"
Kimya.
"Hodi!" kwa ngumi sasa, bawaba zikalia,
na mzee Hermilo nusura aitikie kwa huruma.
Akaingia akihema. "Ndivyo seli zenu zilivyo.
Kutwa kucha mnaziletea wageni.
Wenyeji wamechoka, wamezima taa, wanajifanya hawapo.
Kongosho linatuma mpiga hodi mwingine, na mwingine,
na sukari inalala barabarani, ndani ya damu,
ikiharibu kila inachokiegemea:
jicho, figo, kidole cha mguu."

Wewe ulicheka kuliko sote.

Kisha yule mwanamume wa chupa za kahawia,
kati ya muuza viatu na muuza kuku.
Matone kumi asubuhi, mama, na vidonge utupe.
Ukavitupa.
Mimi nilikuwepo, Remedios. Nilikushikia kikapu
ulipokuwa ukihesabu noti.
Sikusema neno,
kwa kuwa nami nilitamani iwe kweli.

Mwezi wa kuvuna maharage ulikanyaga mwiba.
Wewe, uliyeweza kuuhisi mwiba ndani ya glavu,
gizani, ukiwa na homa,
ulitembea nao siku tatu usiusikie.
Nilipokuvua soksi, harufu ilitangulia.
Hospitali ilibaki na nusu ya mguu wako
na risiti.

Basi hii hapa glasi yako: dungusi, tango, ndimu.
Hapana, sikutia chungwa. Usinitazame hivyo.
Na hiki hapa kidonge cheupe.
Wasiwe wake wenza hawa wawili,
mmoja akiingia mwenzake afukuzwe;
wakae kama mawifi waliozoeana,
wapike jiko moja.
Maharage kwanza, mboga kwanza,
chapati ya mahindi ije nyuma, moja na nusu,
na mdalasini kwenye kahawa kwa ajili ya pua tu,
maana Maricruz hataki kuuapia.

Shibe mwana malevya. Tukishiba tulilala.
Sasa tukishiba tunatembea.

Toa kidole. Tone moja.
Mia moja thelathini na mbili.
Jana ilikuwa mia na tisini, juzi sitaki kusema.
Namba hizi ni kama mbuzi wa Hermilo,
ukidhani umewafunga, mmoja yuko barabarani.

Na mkate ulio chini ya mto wako nimeuona.
Safari hii sinyamazi.
Lia, nitukane, mtaje mama yetu ukitaka,
kisha vaa kiatu.
Twende hadi kanisani na kurudi, taratibu,
fimbo yako ikigonga mawe njia nzima,
ko, ko, ko,
huenda humo ndani
kuna mtu ameanza kutafuta ufunguo.