Skafu Moja

Mei Mosi, Urambo. Sikukuu ya somo wetu.
Skafu ya skauti ni moja, sisi wawili:
Kalunde aivae hadi njia panda ya ghala,
kisha mimi, hadi altareni.

Mama ameifua mara tatu.
Bado inanuka bani,
tumbaku ya mwaka mzima.

"Kushoto, kulia! Magoti juu!"
Mwalimu Kapela anafoka,
soksi zake mwenyewe hazifanani.

Mtakatifu Yosefu yuko juu ya machela ya mninga,
gumba limemeguka
kama la baba.

Njia panda hii hapa.
Kalunde haifungui.
Macho mbele, magoti juu,
fundo limekaza.

Nami pembeni, shingo tupu,
nakanyaga vumbi lilelile,
kushoto, kulia,
na hakuna aliyenitoa mstarini.