Siku ya Saba, Usinge

Wageni wote walimuulizia mtoto.
Walimpakata, wakamtafutia pua ya babu yake,
wakaacha mche wa sabuni, wakaaga.

Nyamizi anaegemeza baiskeli kwenye bani la tumbaku,
ananawa, anakaa mkekani.
"Na wewe je, Kalunde?"

"Mzima huyu," anajibu mama mkwe.

Basi Nyamizi anaomba maji ya kunywa,
yale ya mtungi wa nje,
apate dakika mbili.

Kiganja kwenye paji la uso: moto.
Kalunde anatazama ukuta,
mkono wake unavuta kutoka chini ya godoro
kanga
ya nne tangu alfajiri.

Daftari linabaki wazi. Nyamizi anaita gari la kituo.

Mama mkwe anarudi na kata, anaona,
anaiweka chini bila neno,
anaanza kumfunga mjukuu mgongoni.