Bega la Chupa

Dalali alipanda juu ya kreti la bia,
akainua chupa kama mkunga anayeonyesha mtoto.
"Konyaki! Ya mwaka thelathini na saba!
Mali ya Mgiriki aliyefilisika!"
Walicheka waliokuja kwa friji na magodoro.

Mimi sikucheka. Nilitoa tochi,
nikamulika shingo: nta haijapasuka.
Kinywaji kimeshuka hadi begani,
vidole viwili vimekwenda zao
bila mtu kufungua.
Huko kwao husingiziwa malaika.
Hapa Lubumbashi tungemshuku mlinzi.

Dola arobaini. Hamsini.
Bwana mmoja wa Golf, saa nzito mkononi,
anapandisha bei kwa kidevu tu.
Sitini na tano. Kodi ya duka langu la dawa
naihesabu mfukoni kwa kidole gumba.
Themanini.
Kidevu kikatulia.

Ya kumi na moja hiyo. Zote zimesimama kabatini,
maana kileo cha namna hii kikilazwa
hula kizibo chake.
Mwepu, mume wangu, husema nafuga wageni wasiokula.
Sijamwambia habari ya bomba.

Bomba la shaba, urefu wa mkono na nusu.
Mama alilinunua Katuba, kwa mtu wa kiwandani,
na hakuuliza lilitokaje getini.
Usiku mahindi na mihogo vilichemka ndani ya pipa,
mimi nikilimwagia bomba maji baridi,
lutuku ikidondoka, ti, ti, ti,
ada yangu ya shule ikidondoka.
Siku polisi walipoimwaga
kuku wa jirani walitembea upande upande hadi jioni.

Nimesoma kwamba na Wafaransa
hupikia ndani ya shaba.
Shaba ya wapi, kitabu hakisemi.

Jumapili nilivunja nta.
Nikampelekea mama kidogo, katika kikombe cha chai.
Hakunywa. Alinusa, akafumba macho,
akasugua tone moja viganjani, akanusa tena,
muda mrefu, kama anayesoma barua.

"Ule mutu alijua kazi," akasema.
"Ya kwanza alitupa. Ya mwisho alitupa.
Alibakisha ya katikati."

Kisha akaniuliza kama bado yuko hai,
na kama polisi walimsumbua sana.