Deni

Otwoma alishindwa kunilipa suruali mbili na koti,
akaniletea mbwa amefungwa kamba ya katani.
"Chukua huyu, Musimbi, tuwe tumemalizana."
Ndiyo maana anaitwa Deni.

Ninakaa Shauri Moyo,
ukuta mmoja tu na mafundi wa Kamukunji,
wale wanaogonga bati tangu alfajiri
mpaka likubali kuwa sanduku, jiko, karai.
Mimi sauti hiyo siisikii tena.
Deni aliisikia kwa mifupa.
Nyundo ya kwanza: chini ya meza ya kukatia.
Nyundo ya pili: mkojo juu ya kitenge cha mteja.

Nikasema mbwa ni mbwa, atazoea.
Nikamburuta hadi kwa Kithome, fundi wa masanduku ya shule,
nikamshikilia pale pale
kelele zimwingie zote, ziishe.
Haziishi.
Siku tatu hakugusa chakula,
na nilipoinua mkono kuchukua mkasi
alijikunja kana kwamba mkasi unamtafuta yeye.

Nikaanza upya, kwa aibu.
Maini ya shilingi hamsini,
vipande vya ukubwa wa kifungo cha shati.
Tukasimama mbali, kwenye kona ya wauza viazi,
pale nyundo husikika
kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili.
Kithome anagonga: kipande.
Kithome ananyamaza: mkono wangu mfukoni.
Kamba nimeilegeza, ina tumbo kama ya kuanikia nguo.
Akitaka kurudi, tunarudi.
Hapo ndipo nilipopata taabu:
kurudi bila kununa.

Wanasema dawa ya deni ni kulipa.
Nililipa kidogo kidogo, kwa maini.

Kithome alicheka, halafu siku moja
akaja kuomba kitambaa, akaifunga nyundo yake
kwa masalio ya sare ya kijani.
"Wangu nilimfunza kwa fimbo," akasema.
"Yuko wapi?"
Akaligeuza bati, akalitazama upande wa pili.
"Alitoroka."

Kisha ikaja Januari.
Kila mzazi anataka sanduku, na analitaka leo.
Nyundo kumi, hakuna hata moja iliyovaa kitambaa.
Deni akarudi chini ya meza
na mimi nikapiga hesabu ya maini yote yale.
Niliketi sakafuni, si karibu sana,
nikashona pindo la sketi, sikumwita.
Pindo lilipofika nusu
alikuja kuweka kidevu juu ya mguu wangu.
Kesho yake tulianzia tena kwenye viazi.
Ile njia ya wiki nne
safari hii ilitumia siku nne.

Sasa niseme langu.
Kila tarehe tano wakala wa kodi hugonga mlango
kwa funguo, si kwa mkono,
na mimi huzima redio, huvua viatu,
huwa sipo.
Mwezi huu niliinama kuingia chini ya meza
nikakuta nafasi ni tupu.
Deni alikuwa katikati ya chumba,
masikio yamelala, miguu ya nyuma inatetemeka,
lakini amesimama.
Akajikung'uta kuanzia pua hadi mkia
kama mtu anayevua koti la mvua,
akanigeukia.
Sitasema alikuwa jasiri.
Alikuwa anangoja kipande chake.

Nikampa.
Nikazitazama hatua zangu hadi mlangoni: nne.
Nikapiga mbili, nikarudi moja.
Hakuna aliyenivuta.
Funguo zikagonga tena
na Deni akaramba vidole vyangu, vilivyonuka maini,
nikafungua,
nusu ya kodi mkononi,
viatu sina.